Kuunganisha programu ya ripoti na hifadhidata ya zamani, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale. "Draiva nimeweka, mbona Excel haiioni?" "Kwenye kompyuta yangu inakubali, kwenye seva inagoma." "Jumla yangu imezidi ya mfumo, nani amekosea?" Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu. Sasa nayaweka mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe kila ninapokalishwa mbele ya mfumo ambao sijawahi kuuona.

Nakuandikia wewe uliyekabidhiwa hifadhidata ya miaka mingi, iwe mafaili ya FoxPro au dBase, Access ya .mdb, SQL Server 2000, au Oracle na MySQL za enzi hizo, na unatakiwa utoe ripoti kwa Excel, Power BI au programu nyingine ya sasa. Aliyeutengeneza mfumo pengine ameshaondoka. Watu wanaoutumia wapo, na kazi yao ya kila siku inapita humo. Ripoti yako ni mgeni katika nyumba hiyo, kwa hiyo ingia kwa hodi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jina na toleo kamili la hifadhidata. Ukiambiwa "ni SQL tu", uliza tena. Kwenye SQL Server andika `SELECT @@VERSION`. Kama ni mafaili, tazama mwisho wa majina yake: .dbf ni ya ukoo wa dBase na FoxPro, .mdb ni Access ya zamani.
- Jibu la swali hili: programu yako ya ripoti ni ya biti 32 au biti 64? Hatua ya 1 inaonyesha pa kutazama.
- Jina la seva na namba ya poti. Kwa kawaida SQL Server hutumia 1433, Oracle 1521, MySQL 3306, Firebird 3050. Mafaili hayana poti, yana njia ya folda.
- Akaunti ya kusoma tu.
- Nakala rudufu ambayo mtu amewahi kuijaribu kwa kuirejesha. Nakala isiyojaribiwa usiihesabu.
- Ripoti moja iliyochapishwa na mfumo wenyewe, ya mwezi ambao hesabu zake zimeshafungwa.
- Mtu mmoja anayeutumia mfumo kila siku: mhasibu, mtunza stoo, yeyote anayejua kwa nini ankara fulani haihesabiwi.

Viwili vya mwisho ndivyo wanaoanza huviacha. Ukivikosa utaunganisha vizuri kabisa na bado hutajua kama namba unazoziona ni za kweli.

Hatua ya 1: Linganisha biti

Nimeiweka mwanzo kwa sababu nusu ya matatizo ninayoletewa huishia hapa.

ODBC ni mkalimani kati ya programu ya ripoti na hifadhidata. Draiva ndiyo inayoijua lugha ya hifadhidata husika. Programu ya biti 64 hupakia draiva ya biti 64 peke yake, na ya biti 32 hivyo hivyo. Ukizichanganya, draiva itakuwepo kwenye kompyuta lakini programu haitaiona.

Kwenye Excel, fungua menyu ya File, kisha Account, kisha About Excel. Mstari wa juu utakuambia biti zake. Kuanzia Office 2019, ukisakinisha bila kuchagua unapata ya biti 64. Hifadhidata nyingi kongwe ziko upande wa pili: draiva ya Visual FoxPro ipo ya biti 32 tu, na injini ya Jet iliyokuwa ikifungua mafaili ya .mdb ni ya biti 32 pia. Kwa Access una pa kukimbilia, kwani Access Database Engine hutolewa kwa biti zote mbili na husoma .mdb za kuanzia miaka ya 2000. FoxPro haina bahati hiyo. Kama ndiyo uliyonayo, soma hatua zote lakini jua kwamba hatua ya 8 ndiyo yako.

Angalizo: Windows ya biti 64 ina mtego wa majina. Programu ya kusimamia ODBC ya biti 64 iko `C:\Windows\System32\odbcad32.exe`, na ya biti 32 iko `C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe`. Hujasoma vibaya: folda yenye 32 kwenye jina ina ya 64, na yenye 64 ina ya 32, na faili lenyewe linaitwa odbcad32 kote kuwili. Andika majina haya kwenye karatasi, uyabandike mbele yako.

Hatua ya 2: Omba akaunti ya kusoma tu, kisha ihakikishe

Usitumie akaunti ya msimamizi, hata kwa "jaribio dogo la leo tu". Majaribio ya leo huwa mipangilio ya miaka. Msimamizi wa hifadhidata akupe ruhusa kwenye majedwali unayoyahitaji peke yake:

```
GRANT SELECT ON mauzo TO ripoti;
GRANT SELECT ON wateja TO ripoti;
```

Ukishaingia kwa akaunti hiyo, jaribu amri hii ambayo haiwezi kubadilisha kitu, kwa sababu sharti lake halitimii kamwe:

```
UPDATE mauzo SET kiasi = kiasi WHERE 1 = 0;
```

Unataka ikataliwe kwa kukosa ruhusa. Ikijibu kwamba imegusa rekodi sifuri, imekubaliwa, na akaunti yako inaweza kuandika. Rudi kwa msimamizi kabla ya kuendelea.

Mafaili ya FoxPro na dBase hayana akaunti za watumiaji. Huko ulinzi ni ruhusa za folda, au bora zaidi, kufanya kazi kwenye nakala.

Hatua ya 3: Hakikisha njia ipo

Kabla ya kuilaumu draiva, hakikisha kompyuta yako inafika kwenye seva. Fungua PowerShell:

```
Test-NetConnection seva01 -Port 1433
```

Mstari wa kuangalia ni `TcpTestSucceeded`. Ukiwa `True`, endelea. Ukiwa `False`, tatizo ni la mtandao au kinga ya seva, na hakuna draiva itakayolitibu.

Hatua ya 4: Sakinisha draiva ya umri unaofaa

Mtu hupakua draiva mpya kuliko zote akidhani ndiyo salama zaidi. Kwa hifadhidata kongwe, draiva mpya mara nyingi ndiyo inayokataa kuzungumza nayo. Soma ukurasa wa draiva uone inafika toleo gani la nyuma, kisha chukua iliyo mpya zaidi kati ya zile zinazolifikia toleo lako.

Mfano wa karibu: ODBC Driver 18 ya SQL Server husimba mawasiliano bila kuombwa, na hudai cheti kinachoaminika, yaani kitambulisho cha kidijitali cha seva. Seva ya zamani haina cheti hicho, basi muunganisho unakatika hata kama jina na nywila ni sahihi. Unaweza kuiambia isisimbe kwa kuandika `Encrypt=no`, lakini fanya hivyo ndani ya mtandao uliofungwa tu. Data ikipita mahali pengine popote bila kusimbwa, anayesikiliza njiani ataisoma yote.

Kwenye MySQL, mpaka uko kwenye toleo 4.1, lilipobadilisha namna ya kuhifadhi nywila. Akaunti zilizofunguliwa kabla ya hapo zina nywila za mtindo ambao draiva za sasa hazizikubali tena. Mara nyingi dawa ni msimamizi kuiwekea akaunti yako nywila upya, ikiwa seva yenyewe ni ya 4.1 au zaidi.

Hatua ya 5: Tengeneza DSN

DSN ni jina fupi la mahali pa kwenda: draiva gani, seva gani, hifadhidata gani. Fungua msimamizi wa ODBC wa biti uliyoithibitisha, nenda kwenye kichupo kilichoandikwa System DSN, ongeza mpya, jaza, jaribu.

Usiweke kwenye kichupo cha User DSN. Ile ya mtumiaji huonwa na wewe peke yako ukiwa umeingia kwa akaunti yako. Siku utakayoipangia ripoti ijiendeshe usiku, itaendeshwa kwa akaunti nyingine, na hiyo haitaiona DSN yako. Vivyo hivyo na diski ya mtandao uliyoipa herufi: Z: yako si Z: ya akaunti ya huduma. Andika njia kamili, kama `\\seva01\data`.

Kwa mafaili ya dBase, elekeza kwenye folda. Folda nzima ndiyo hifadhidata, na kila .dbf ndani yake ni jedwali.

Hatua ya 6: Anza na swali dogo

Programu ya ripoti itakuonyesha orodha ya majedwali na kukushawishi uyachague yote. Usikubali. Andika SQL yako mwenyewe, yaani amri ya kuiuliza hifadhidata, ya siku moja:

```
SELECT COUNT(*), SUM(kiasi)
FROM mauzo
WHERE tarehe = '20140303';
```

Niliwahi kuvuta mwaka mzima saa nne asubuhi kwenye SQL Server ya zamani. Baada ya dakika chache watu wa malipo wakasimama: wanabonyeza kuhifadhi, skrini inaganda. Kwa mipangilio ya kawaida ya seva ile, anayesoma huziwekea kufuli rekodi anazozisoma, na anayetaka kuandika hapo husubiri. Swali langu kubwa liliwafungia watu mlango. Tangu siku hiyo sivuti data nyingi saa za kazi, kwa mfumo wowote. Majedwali ya MyISAM, yaliyokuwa chaguo la kawaida la MySQL kabla ya toleo 5.5, ni makali zaidi, maana kufuli lake ni la jedwali zima.

Utashauriwa uongeze `NOLOCK`, neno linaloiambia SQL Server isome bila kuweka kufuli, ili usizuie mtu. Kweli haitazuia, lakini inaweza kusoma rekodi mara mbili au kuiruka wakati wengine wanaandika. Kwa ripoti ya fedha mimi siikubali.

Hatua ya 7: Linganisha na ripoti ya mfumo, hadi senti

Chukua ile karatasi ya mwezi uliofungwa. Toa jumla ya mwezi huohuo kwa SQL. Zifanane. "Zinakaribiana" haitoshi, kwa sababu tofauti ndogo ni alama ya kanuni ambayo bado hujaigundua, na mwezi ujao kanuni hiyohiyo inaweza kuleta tofauti kubwa.

Kwenye mfumo mmoja wa ankara wa FoxPro, jumla yangu ilizidi kwa ankara tatu. Draiva ilikuwa sawa, tarehe sawa, SQL nimeisoma mara kumi. Nikampelekea mhasibu namba za zile tatu, naye akajibu bila hata kuinua kichwa: "Hizo tulizifuta." Zimefutwa vipi na mimi naziona? Nikalifungua nakala ya faili la .dbf kwenye kihariri kinachoonyesha baiti moja moja. Kila rekodi ya .dbf hutanguliwa na baiti moja: kwa rekodi hai ni nafasi tupu, kwa iliyofutwa ni kinyota. Zile tatu zilikuwa na kinyota. FoxPro na dBase hazifuti rekodi papo hapo, huitia alama tu, na hubaki faili lile lile mpaka mtu aendeshe amri ya PACK. Mfumo ulikuwa umeambiwa uziruke, na njia yangu ya kusomea haikuambiwa. Kwenye mipangilio ya draiva kuna chaguo la rekodi zilizofutwa, litafute na ulithibitishe.

Kwenye hifadhidata za SQL, kufuta huko hufichwa kwenye safu ya hali yenye herufi kama X, D au 9. Orodhesha thamani zote za safu hiyo, umpelekee yule mtu wako:

```
SELECT hali, COUNT(*) FROM mauzo GROUP BY hali;
```

Majibu yake yaandike neno kwa neno. Elimu hiyo mara nyingi iko kichwani mwa mtu mmoja tu.

Hatua ya 8: Hamishia nakala, ripoti zisome huko

Ripoti za kila siku zisiisome hifadhidata ya kazi moja kwa moja. Kila usiku nakili majedwali unayoyahitaji kwenye hifadhidata ya sasa, kwa mfano PostgreSQL, na programu ya ripoti isome hapo. Biti hazitakusumbua tena, hakuna atakayefungiwa mlango, na siku mfumo mkongwe utakapostaafishwa ripoti zako zitabaki.

Kwa .dbf huhitaji hata draiva. Maktaba ya dbfread ya Python husoma faili lenyewe, ya biti yoyote, na huziruka rekodi zenye kinyota:

```
from dbfread import DBF
for r in DBF('ANKARA.DBF', encoding='cp850'):
    print(r['NAMBA'], r['KIASI'])
```

Angalizo: nakili faili wakati hakuna aliyelifungua, na ulibebe pamoja na ndugu zake. Maandishi marefu ya FoxPro hukaa kwenye .fpt, ya dBase kwenye .dbt. Ukiyaacha, maelezo yatakosekana au usomaji utakatika.

Wakati wa kuhamisha ndipo pa kusafisha, na kuna mambo manne yanayorudi kila mara.

Tarehe. Tarehe tupu ya FoxPro ikipita kwenye draiva hufika ikiwa 1899-12-30, kwa hiyo ukiona wateja waliozaliwa siku moja mwaka 1899, hao hawana tarehe. Miaka ya tarakimu mbili ni hatari zaidi. Excel inaweza kuisoma 35 kama 1935, huku SQL Server kwa mipangilio yake ya kawaida ikiisoma 2035. Amua mwenyewe mpaka uko wapi, uandike kwenye msimbo, usiiachie programu ibahatishe.

Nafasi. Safu za urefu maalumu, tuseme herufi kumi, hujazwa nafasi mwishoni, hivyo `A100` huja na nafasi sita nyuma yake. SQL Server huzipuuza inapolinganisha, Power Query (chombo cha kuvuta data ndani ya Excel na Power BI) haizipuuzi, na majedwali yako mawili yatakataa kukutana. Kata nafasi hizo pande zote mbili.

Herufi. Data ya enzi ya DOS iko kwenye kodi ya herufi (code page) 437 au 850, na Windows hutarajia 1252. Ukiona jina José limegeuka Jos‚, lenye kitu kama mkato mahali pa é, umeisoma kwa kodi isiyo yake. Rekebisha kwenye usomaji. Usianze kubadilisha herufi moja moja.

Namba. Mifumo ya COBOL, lugha kongwe ya programu za biashara, mara nyingi haihifadhi nukta ya desimali: 0012550 ni 125.50. Ukiona jumla imekuwa kubwa mara mia kamili, ndiyo hiyo.

Ikigoma

*IM002.* Jina la DSN halijapatikana. Umelikosea herufi, umeliweka upande wa biti nyingine, au umeliweka kwenye User DSN na anayeendesha si wewe.

*IM014.* Hii inakuambia wazi: DSN ipo, biti hazilingani. Rudi hatua ya 1.

*18456 kwenye SQL Server.* Umefika, umekataliwa mlangoni. Ujumbe unaouona hauelezi sababu kwa makusudi. Namba ya hali iliyo kwenye kumbukumbu za seva ndiyo inayoeleza, mwombe msimamizi akusomee. Kosa la kawaida ni seva iliyowekwa kukubali akaunti za Windows peke yake huku wewe ukitumia jina na nywila za SQL.

*ORA-12154.* Oracle haijalipata jina ulilotaja kwenye faili la tnsnames.ora. Mara nyingi kompyuta ina programu mbili za mteja wa Oracle (client, ile inayoiunganisha kompyuta yako na seva), kila moja na tnsnames.ora yake, na wewe umehariri ile isiyotumika.

*ORA-28040.* Mteja na seva hawana njia ya pamoja ya kuthibitishana, yaani mmoja ni wa zamani mno kwa mwenzake; kwa hifadhidata kongwe huenda mteja ndiye mpya mno. Kama ndivyo, sakinisha mteja wa toleo la nyuma.

*Inakubali kwa mkono, inakwama usiku.* Akaunti ya huduma haina DSN, haina herufi ya diski, au haina ruhusa ya folda. Angalia kwa mpangilio huo.

*Inaanza vizuri kisha inakufa katikati, kila mara karibu na rekodi ileile.* Rekodi hiyo ina tarehe au namba isiyowezekana, kwa mfano tarehe ya kabla ya 1753-01-01, ambayo aina ya `datetime` ya SQL Server haiwezi kuipokea. Gawa data kwa miezi, kisha kwa siku, mpaka uikamate. Ukishaipata usiirekebishe kwenye mfumo wa kazi. Iweke kwenye orodha, umpelekee mwenye mfumo aamue, na kwenye nakala yako iache ikiwa tupu.